Umebeba Nini Humo? Mwongozo wa Mwenye Begi Zito Mjini Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye afya yake, kazi ya kushinda kitini na suruali iliyoanza kumkataa kiunoni, ambaye amesikia kwamba siku hizi kitambi kinatolewa kwa kutia mzigo kwenye begi, kulivaa mgongoni na kutembea. Habari hizo ni za kweli. Majeshi yanafunza askari wao hivyo miaka nenda rudi, na yeyote aliyepitia JKT anaikumbuka ruti machi bila kukumbushwa. Zoezi halihitaji uwanja, mwalimu wala ada ya jimu, na magoti hulivumilia kuliko mbio. Tatizo ni moja tu: wewe umeamua kulifanyia Moshi.

Kwingine, mtu anayetembea na begi zito huku hana safari huitwa mwanamichezo. Hapa uko chini ya mlima ambao karibu kila kilichofika juu yake, kuanzia mahema hadi mayai ya kifungua kinywa cha watalii, kimefika kichwani au mgongoni mwa mtu. Hapa mzigo una mwenyewe, una unakokwenda na una bei. Wako hauna kimoja kati ya hivyo, na utaulizwa. Basi soma kwanza, ndipo ufunge kamba.

1. Kutafuta begi

Usinunue jipya. Nenda Memorial au Kiboriloni ukapekue mitumba. Muuzaji atakuuliza unapanda mlima lini. Ukimjibu kwamba hupandi, unataka tu la kutembelea mtaani, atakutazama mara ya pili na kukuonyesha mabegi ya shule.

Shikilia msimamo. Unachotaka ni begi lenye mikanda mipana ya mabega na mkanda wa kiunoni unaofunga vizuri. Huo wa kiunoni ndio unaohamishia uzito kwenye nyonga, ambako mwili una mifupa ya kuubeba. Begi la kompyuta lenye kamba nyembamba litakaba mishipa ya fahamu mabegani, mkono uanze kufa ganzi, na ukiendelea kujitia ugumu uanze kukosa nguvu. Madaktari wa majeshi wanaujua ugonjwa huo vizuri. Lijaribu papo hapo: omba muuzaji akutilie viatu vya mtumba mpaka lijae, livae, ruka mara mbili. Likikupiga mgongoni kila ukitua, mrudishie. Kundi la watu litakuwa limeshajikusanya kukutazama. Lizoee.

2. Cha kutia ndani

*Mawe.* Yapo bure, na nchi iliyozaliwa na volkano haiishiwi mawe. Lakini jiwe halina adabu ndani ya begi: linahama, linachoma uti wa mgongo na kila hatua linapiga kelele. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kujipatia sifa kwa kutembea na jiwe la mlima huu ni Mjerumani Hans Meyer. Alipofika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliokota jiwe, akashuka nalo, akasafiri nalo hadi kwao na kumpa Kaisari Wilhelm II, likapachikwa ukutani katika jumba lake la kifalme kule Potsdam. Mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, aliyewalindia kambi yao kwenye baridi ya juu wakati wao wakihangaika na barafu, hakupachikwa popote. Ukiokota jiwe ndani ya hifadhi leo hutapata Kaisari wa kumpelekea. Utakutana na askari wa hifadhi.

*Mchanga.* Kiroba kitatoboka, utaacha mstari toka Shanty Town hadi nyumbani kwako, na watoto watakufuata.

*Mchele au maharage.* Vizuri sana. Hukaa kwa umbo la mgongo na havipigi kelele. Hasara yake ni ya kifalsafa. Meyer aliteremsha jiwe. Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera. Wewe utapandisha mchele hadi Kibosho, kisha utateremsha mchele uleule. Jiandae kulieleza hilo kwa mtu mzima.

*Maji.* Hili ndilo pendekezo letu. Lita moja ni kilo moja, huhitaji mizani. Na kwa kuwa kinachoumiza magoti zaidi ni kushuka, ukifika juu unayamwaga kwenye migomba ya mtu, baada ya kumwomba ruhusa, na unarudi mwepesi.

3. Kiasi gani

Anza na sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 aanze na kilo 8, wiki mbili au tatu, ndipo aongeze kidogo kidogo. Akipita theluthi ya uzito wake, hilo limeshakuwa la kumwambia daktari. Mwenye mgongo mbovu, presha au ujauzito amwone daktari kabla ya kuliona begi.

Sasa, ili usijione shujaa mapema, jua vipimo vya wenyeji wa kazi hii. Katika misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Pangani na Bagamoyo kwenda bara, mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, kwa wiki na miezi. Ndipo watu wakasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hawakuwa wakimtukana, walikuwa wakitaja fundi. Leo mamlaka ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 za mzigo wa kazi kwa kila mpagazi wa Kilimanjaro, na langoni kuna mizani. Vijana wenyewe hujiita wagumu. Mgumu akishapima, hujitwika kiroba kichwani, huweka begi lake mwenyewe mgongoni, na anaondoka akiongea na simu.

Hilo la kilo 8 unaloliita mazoezi, yeye analiita begi lake mwenyewe.

4. Hesabu ya kitambi

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa na mabingwa wa mitandaoni, basi tutulie tupige hesabu. Mwaka 1977 watafiti wa jeshi la Marekani, Pandolf na wenzake, walitoa kanuni ya kukadiria nguvu anayotumia mtu atembeaye na mzigo. Mtie ndani yake mtu wa kilo 80 anayekwenda kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare: anachoma kama kalori 300 kwa saa. Mtwishe kilo 10: anafika kama 330. Nyongeza ni kalori 30. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 100. Umebeba mfuko wa mchele saa nzima, umetoka jasho, umesalimiwa na bodaboda saba, na umelipia theluthi moja ya ndizi.

Usikate tamaa, hesabu haijaisha. Mvue mtu huyo begi na umwelekeze kaskazini, barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100. Anaruka hadi kama kalori 470. Mrudishie begi: kama 520. Umeona kilichotokea? Mlima peke yake umefanya kazi zaidi ya mara tano ya ile ya begi kwenye tambarare. Mkazi wa Dar es Salaam analazimika kutafuta mawe kwa sababu hana pa kupanda. Wewe umezaliwa kwenye mashine yenyewe, haina swichi, haihitaji umeme, ikianzia mjini chini ya mita 1,000 na kupita mita 1,800 kwenye lango la Marangu.

Begi basi ni la nini? Ni la mabega, mgongo na mapaja, ambavyo kutembea bila mzigo hakuvigusi sana. Kitambi mwachie mlima na sahani.

5. Njia

*Ya wanaoanza:* toka mnara wa saa, pita mzunguko wa YMCA, ingia Shanty Town chini ya miti mikubwa. Kuna kivuli, mwinuko ni wa huruma, na wakazi wa huko wamezoea kuona watu wakifanya mambo bila sababu. Faida nyingine ni kwamba ukizidi kupanda unatokea hospitali ya KCMC, na ukizidiwa uko mahali pake.

*Ya waliojipima:* Uru hadi Materuni, au barabara ya Kibosho. Hapa kila kona inaahidi kuwa ya mwisho. Usiiamini. Tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, maana Noah inayoteremka na abiria kumi na wawili haitahama njia kwa ajili ya afya yako.

*Ya masika:* kaa nyumbani. Machi hadi Mei udongo mwekundu wa huku juu unageuka sabuni, na mtu anayeteleza na kilo 10 mgongoni haanguki kama watu wengine: begi hutangulia, mwenyewe hufuata, na hubaki chali akingojea msamaria.

*Ya Desemba:* njia zote zimefungwa na magari ya Wachaga waliorudi kula Krismasi. Utakutana na kila uliyesoma naye, kila mmoja akiteremsha kioo kukuuliza kama gari lako limeharibika.

6. Watakaokupita

Utapitwa. Ni vizuri ujue na nani, ili moyo usishtuke.

Kwanza, watoto wa shule, wakikimbia. Pili, mzee mwenye gumboti na panga, ambaye hakimbii wala haharakishi, lakini ukiinua macho tena yuko kona ya mbele. Tatu, na huyu ndiye atakayekuumiza, mama mwenye majani.

Mtazame vizuri kabla hajapotea. Nyumbani kwake kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, ng'ombe hafunguliwi. Anafugwa bandani na chakula humfuata. Ardhi ya juu imejaa migomba na kahawa, hivyo majani mengi hutoka chini, tambarare. Mama ameshuka alfajiri, amekata, ameyafunga kwa kamba ya magome ya mgomba, na sasa anamwomba mwenziwe amtwishe. Amesokota kanga kuwa ngata na kuiweka utosini. Wanainua pamoja, mwenziwe anaachia. Kwa nukta moja hasogei, shingo inatafuta mahali pake. Kisha anaanza kupanda. Kichwa kinakwenda kama kimewekewa reli; kinachofanya kazi ni kiuno na nyayo. Hasimami kupumzika, kwa sababu akitua hana wa kumtwisha tena. Anakupita, anakusalimu, anakupa pole ya mzigo. Wewe ndiwe unayepewa pole.

Usifikiri ni mazoea tu. Mwaka 1986 mwanasayansi Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Walikuwa wakitumia kiasi kilekile kama walipotembea mikono mitupu. Utafiti wa baadaye wa 1995 ulieleza kwamba mwendo wao unapoteza nguvu pungufu kila hatua. Waliopima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuipata nafuu hiyo kwa uthabiti, kwa hiyo mjadala unaendelea. Lakini fikiria maana yake kwako.

Wewe umetoka nyumbani ili upoteze nguvu. Kila unachofanya vibaya, kuyumba, kuinama, kuhema, ndicho kinachokulipa. Yeye ufundi wake wote ni kutopoteza. Mkiwa barabara moja, mwinuko mmoja, mnafanya kazi mbili zinazopingana, na mwenye elimu ni yeye. Kwa hiyo onyo: usijaribu kujifunza mwendo wake. Ukifaulu utafika vizuri, bila jasho, na kitambi chako kizimazima.

7. Maswali na majibu

*"Umebeba nini humo?"* Swali hili ni la lazima na litaulizwa na kila mtu kuanzia balozi wa nyumba kumi. Usijibu "mchele", maana litafuata "unampelekea nani?" Usijibu "mazoezi", maana hakuna begi linaloweza kubeba mazoezi. Jibu lililofaulu zaidi ni "daktari kaniambia". Hakuna anayebishana na daktari, na utapewa pole ya ugonjwa.

*"Panda, bosi, mzigo bure!"* Huyu ni konda. Amekuona unataabika na anakufanyia hisani. Kumkatalia mara moja ni heshima. Mara ya tatu siku hiyohiyo ataanza kukuulizia kama nyumbani kuna amani.

*"Nikusaidie, mjomba?"* Huyu ni kijana anayetaka kukupokea begi. Adabu za huku hazimruhusu kukuacha. Ukimkatalia umemdharau, ukimpa, yeye ndiye atakayepungua. Mkabidhi chupa ya maji aishike, mtembee pamoja.

*"Shikamoo" kwa mkubwa wako:* sema hata kama pumzi imekwisha. Kichwa kilichoinama kwa uchovu huku hutafsiriwa kuwa kiburi. Kama hewa haitoshi kwa salamu nzima, umebeba kupita kiasi; hicho ndicho kipimo bora kuliko saa yoyote ya mkononi.

8. Sahani

Hii ndiyo sehemu hatari kuliko zote, na hakuna aliyewahi kufa kwa furaha kama waliofia hapa.

Umerudi umechoma kalori 520 na unajisikia umeidai dunia. Mezani kuna mtori, kuna kiburu cha ndizi na maharage, na kama ni Jumamosi kuna mtu mahali fulani anakaanga kitimoto na moshi wake unavuka barabara. Kisha jirani anakukaribisha kwenye mbege, ambayo ni ndizi na ulezi, yaani chakula kilichoamua kunyweka. Kata moja ya kukata kiu, ya pili ya heshima ya mwenye nyumba, ya tatu kwa sababu umefanya mazoezi. Umelipwa mshahara wa wiki kwa kibarua cha saa moja.

Mwenye nia ya kupungua apunguze hapa kwanza, na begi limsaidie. Na ukienda kwa kijana mwenye mizani pale stendi kupima maendeleo, vua begi. Wapo waliosahau.

Onyo la nyongeza: usipitie kwa shangazi. Hakuna shangazi wa Kichaga aliyewahi kuona begi la mpwa wake likaondoka kama lilivyokuja. Utatoka na parachichi, mahindi na chane ya ndizi, na utavibeba, kwa sababu umeshajisifu kuwa unabeba.

9. Langoni

Siku moja miguu itazoea na barabara itakufikisha kwenye lango la Marangu au Machame. Simama hapo. Kupanda kutoka hapo kunataka kibali, ada na kiongozi mwenye leseni, na begi lako la mchele halitambuliki kama mojawapo.

Lakini tazama. Msimu ukiwa mzuri, asubuhi, vijana wamejipanga nje wakingoja majina. Mmoja atalitazama begi lako, atakutazama wewe, na kukuuliza uko kampuni gani. Mweleze ukweli: umebeba kilo 12 kutoka mjini, hulipwi, na ukipumzika kidogo utarudi nazo. Atawaita wenzake uwaeleze na wao. Hawatakucheka usoni, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao wanalijua hilo kuliko yeyote. Watakushauri ukaze mkanda wa kiunoni.

Baada ya hapo wataitwa, watapima, watajitwika, na kumpita mtalii aliyetangulia nusu saa, wakimwambia "pole pole" huku wao wenyewe wakienda mbio ili hema liwe limesimama kabla hajafika. Serikali ilipozungumzia mwaka 2019 kujenga gari la kamba la kupandisha wageni, waliopaza sauti kupinga ni pamoja na hawa, maana kilo 20 hizo ndizo ada ya shule na bati la nyumba. Yupo hata aliyeufanya mlima wote kuwa uwanja wake: Simon Mtuy, mwenyeji wa huku, mwaka 2006 alipanda hadi mita 5,895 na kushuka kwa chini ya saa 10, akijibebea mwenyewe maji, chakula na nguo. Alijua kila gramu iliyokuwa mgongoni mwake ilikuwa ya nini.

10. Kanuni ya mwisho

Hapa ndipo mwongozo unapokuokoa. Badala ya mchele usio wa mtu, uliza nani huko juu anahitaji kitu kutoka mjini. Hakosekani: bibi wa Kibosho anayetaka sukari na sabuni, mwalimu wa Uru anayengojea daftari, jirani mwenye ng'ombe ambaye pumba zake zimelala Mbuyuni tangu juzi. Zipime zisizidi kiwango chako, zivae, panda. Ukiulizwa umebeba nini, taja sukari na taja jina la bibi, na hakuna atakayekuuliza swali la pili. Utashuka begi likiwa tupu, magoti yakikushukuru.

Kitambi hakijui kama kilichokiyeyusha ni jiwe au sukari ya mtu. Ila kubaliana mapema na bibi kwamba malipo ni asante tu. Akisisitiza kukulipa kwa mbege, rudi sehemu ya 8.